Mkono wa Mama Kwenye Mti: Vyombo vya Nyumbani vya Bungoma na Kitale

Desemba mwaka 1883 msafara uliotoka Mombasa mwezi Machi mwaka huohuo uliingia Kwa Sundu, makao ya mtawala wa Wawanga, mahali tunapopaita Mumias leo. Kiongozi wake alikuwa kijana Mskoti, Joseph Thomson, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kwenda Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamasai. Shiundu, ambaye jina lake lilikuwa limekaa kijijini, alikuwa ameshafariki, na kiti kilikuwa cha mwanawe Mumia. Wapagazi walikuwa wametoka kwenye nyika zilizowakondesha, na huku wakakuta chakula tele. Miaka iliyofuata misafara ya Waswahili na ya Waingereza ikaijua Mumias kuwa kituo cha kujaza mifuko kabla ya kuvuka kwenda Uganda.

Unga uliojaza mifuko hiyo ulikuwa wa wimbi na mtama, nao ulisagwa na wanawake waliopiga magoti mbele ya jiwe, jiwe dogo mkononi na jiwe kubwa chini. Vitabu vya wasafiri wale vimejaa majina ya wanaume: watawala, wakalimani, viongozi wa wapagazi. Wasagaji wa unga hawana majina humo. Nalianza hapa simulizi la vyombo vya nyumbani kwa sababu ndipo vilipoanza kutazamwa na macho ya mbali, na tangu mwanzo chombo kilitazamwa huku mwenyewe akirukwa.

Kutoka Kwa Sundu Thomson alifika ziwani, akaugua, akarudi kwa njia ya kaskazini hadi Mlima Elgon. Huko alishangazwa na mapango yaliyokaliwa na watu pamoja na mifugo yao. Siku ya mwisho ya mwaka alipigwa pembe na nyati nusura afe, akabebwa kurudi. Mwaka 1885 kitabu chake cha safari ya Umasaini kikatoka London, kikiwa na picha nyingi. Msomaji wa leo akizitazama picha za vitabu vya wakati ule huenda akadhani ni michoro ya kalamu. La. Ni mbao.

Ufundi huo unastahili kuelezwa. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi wa Newcastle, Thomas Bewick, aliendeleza namna ya kuchonga picha kwenye mti mgumu sana wenye chembe ndogo, akiuchonga upande wa kichwa cha gogo, ule unaoonyesha pete za umri wa mti. Upande huo haupasuki ovyo, na unakubali mstari mwembamba kama unywele. Fundi hukata kwa kalamu ya chuma kila mahali panapotakiwa kubaki peupe. Palipoachwa hupokea wino. Kibao kikawa na kimo sawa na herufi za risasi, picha na maneno vikapigwa chapa kwa pamoja, kwenye mashine moja. Kwa hiyo magazeti ya picha ya London yaliweza kuuzwa kwa maelfu. Picha ikiwa kubwa, vibao vidogo viliunganishwa kwa skrubu, kisha vikagawanywa kwa mafundi kadhaa wachonge usiku kucha, kila mtu kipande chake. Baadaye picha ya kamera iliweza kutiwa juu ya kibao chenyewe, fundi akaifuata kwa chuma chake.

Fikiri basi safari ya picha ya mwanamke wa huku kwetu. Msafiri alimwona kwa dakika chache. Alimpiga picha au akamchora kwa haraka. Mchoro ukafika London, msanii wa mchapishaji akaunyoosha upendeze. Kisha ukaenda kwa mchonga mbao, ambaye hakuwahi kuuona mto Nzoia wala kunusa moshi wa jiko la mafiga, naye akaamua, kwa mkono wake, mstari gani ubaki na upi uondoke. Mpaka picha ifike ukurasani, imeshapita mikono mitatu au minne, na mkono wa yule mwanamke haumo.

Richard Burton alikuwa ametangulia kutoa mfano miaka ishirini na zaidi kabla ya Thomson. Kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa kina picha za mbao za watu na vitu vya njia ya Tabora na Ujiji. Picha moja inakusanya kibuyu, kigoda, mivukuto, zeze na ngoma. Nyingine ni ya vibuyu pekee. Nyingine inaonyesha kundi la wanawake wakivuta tumbaku, na maelezo yake yanawaita mabibi kwa sauti ya dhihaka. Upangaji huo unaeleza mengi kuhusu watazamaji wale. Vitu vimepangwa pamoja kama bidhaa za duka, vimetengwa na nyumba, na wanawake wamepangwa peke yao, wametengwa na vitu. Uanamke kwa wachapishaji wale ulikuwa mwili, nywele, mavazi au ukosefu wa mavazi. Waliokuja Kavirondo, kama walivyoliita eneo hili, waliandika kurasa na kurasa juu ya wanawake kutovaa nguo, na mistari michache sana juu ya kazi ya mikono yao.

Hebu tuirudishe picha nyumbani.

Katika nyumba ya zamani ya Wabukusu, Waluhya wa Bungoma, kazi ya vyombo iligawanyika. Ufinyanzi ulikuwa wa wanawake: chungu cha kupikia, mtungi wa maji, chungu kikubwa cha pombe. Kuchonga mti kulikuwa kwa wanaume. Mwiko, kigoda, mpini wa jembe vilitoka kwa seremala wa kijiji, mara nyingi kwa mti wa lusiola, ule wenye maua ya manjano unaosimama hadi leo kwenye mipaka ya mashamba ya Bungoma. Mti huo hukua upesi na hunyooka vizuri, kwa hiyo ulitoa nguzo za nyumba na vipini vya zana.

Lakini tukisema mwiko ni kazi ya mwanamume tumesema nusu ya habari. Seremala aliutoa mwiko ukiwa mti mkavu wenye umbo. Aliyeukamilisha ni mama, kwa kuusonga nao ugali wa wimbi asubuhi na jioni kwa miaka, mpaka ubavu mmoja ukaliwa na chungu ukabaki mwembamba kuliko mwenzake, kulingana na mkono anaotumia na upande anaopigia magoti. Ukipewa miko mitatu ya nyumba moja unaweza kuwatenganisha wake watatu. Hakuna nakshi iliyokusudiwa hapo, na bado ni mchongo, uliofanywa na chungu kwa kuongozwa na bega la mtu.

Kigoda nacho kilikuwa na sheria zake. Kilikuwa kiti cha mwenye nyumba na wazee wenzake, wakikizunguka chungu cha busaa na kunywa kwa lusekhe, mrija mrefu. Mwanamke alikaa chini, juu ya ngozi au mkeka, na hasa mbele ya baba mkwe hakuthubutu kukaa juu. Kuku naye: mama wa Kiluhya alimfuga, akamchinjisha, akampika kwa ustadi ambao hata leo makabila mengine yanautania na kuutamani, na desturi ikamkataza kumla, yeye na mayai yake. Kwa hiyo chombo kilipita mikononi mwake kikiwa na kitu asichokionja. Ninapoona chungu kizee cha kitoweo kwenye kabati la makumbusho chenye maelezo ya maneno mawili tu, najiuliza kwa nini habari hiyo haikuandikwa pale. Bila hiyo, mgeni anaona udongo uliochomwa tu.

Sasa panda kaskazini. Ukivuka Nzoia na kuikaribia Kitale, kisha ukaushuka mteremko kuelekea Pokot na Turkana, mgawanyo wa kazi unabadilika, na hapo ndipo simulizi hili lina utajiri wake.

Kwa Wasabaot wa Elgon na Wakalenjin wengine, maziwa ndiyo elimu ya nyumba. Kibuyu cha mursik, sotet, husafishwa ndani kwa kijiti cha mkindu chenye ncha iliyopondwa, kisha hupakwa mkaa wa senetwet, mti mdogo wa maua ya manjano. Mkaa ule huhifadhi maziwa, huyapa rangi ya samawati-kijivu na harufu ambayo mtu aliyelelewa nayo huitambua hata akiwa ng'ambo. Wapokot hutumia majivu ya mti wa cromwo kwa maziwa yao, nayo yamejulikana hata Ulaya kupitia shirika la Slow Food. Kazi hii ni ya wanawake, na siri zake hutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Kwa Waturkana, mwanamke ndiye mchongaji. Elepit ya kukamulia, akarum ya kuhifadhia maziwa, atubwa ya kulia chakula, chombo cha mafuta kiitwacho eburi: hivi hutoka mikononi mwa wanawake. Mwanamume hubeba ekicholong yake, kigoda kidogo anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku ili nywele zilizosukwa zisiharibike. Chombo kinachobeba uhai wa watoto ni cha mama tangu gogo. Hukata kipande cha mti karibu na mto ulio mkavu, akakitoboa na kukifukua kwa tezo na kisu, polepole, siku baada ya siku kati ya kuteka maji na kukamua. Ukuta wa chombo lazima uwe mwembamba ili punda asielemewe wakati wa kuhama, na usiwe mwembamba kupita kiasi, maana joto la huko hupasua mti mbichi bila huruma. Kifuniko na mshipi hufanywa kwa ngozi. Kisha chombo hupakwa mafuta, tena na tena, mpaka mti unywe ushibe na ung'ae.

Kikipasuka hakitupwi. Hushonwa kwa ukanda wa ngozi, kushoto na kulia ya ufa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani leo hulipa pesa nyingi kwa ajili ya mshono huo, wakiuita uzuri. Nami nakubali kuwa ni uzuri, ila ningependa waelewe kuwa ni uzuri wa mtu aliyekataa kupoteza maziwa. Mchongaji mwanamke alikuwepo basi, katika njia ileile waliyopita wasafiri. Mkabaila wa Hungaria, Sámuel Teleki, na mwenziwe von Höhnel, walipita nchi ya Waturkana na ya Wapokot mwaka 1888, baada ya kulipa Ziwa Turkana jina la mwanamfalme wao Rudolf. Kitabu cha safari yao nacho kilitoka na picha nyingi. Wachonga mbao wa Ulaya walichonga picha za nchi ambayo wanawake wake walikuwa wachonga mbao.

Historia kubwa ikaendelea juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza kwenye ngome ya Lumboka na kwenye ile ya Chetambe iliyo karibu na Webuye ya leo, wakashindwa na bunduki. Mifugo ikatekwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Katika kumbukumbu za vita vile bunduki zimehesabiwa, ng'ombe wamehesabiwa. Vyungu havikuhesabiwa. Mwaka 1902 eneo lote hili, lililokuwa jimbo la mashariki la Uganda, likahamishiwa himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka huohuo Harry Johnston akatoa vitabu vyake viwili vikubwa kuhusu Uganda, na picha nyingi humo zilikuwa za kamera moja kwa moja. Ufundi wa kupiga chapa ya picha za kamera ulikuwa umeshaua kazi ya wachonga mbao wa magazeti.

Kitale ilianzishwa kama mji wa walowezi, reli ikaufikia mwaka 1926. Mwaka huo wa reli, mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake binafsi shambani kwake upande wa Cherangani. Alipenda vipepeo, ndege na vitabu, na pamoja nao akaweka vitu vya watu wa eneo hilo. Wakati huohuo familia za Wabukusu zilikuwa zikivuka kwenda Trans Nzoia kuwa vibarua kwenye mashamba ya Wazungu, na akina mama wakabeba vyungu vichwani juu ya ngata, wakaanzisha majiko upya katika ardhi isiyo yao. Nyumba mbili zilisimama basi kwa umbali mfupi: moja yenye vyombo kwenye kabati, nyingine yenye vyombo motoni.

Kati ya 1934 na 1938 mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner aliishi miongoni mwa Walogoli na Wabukusu. Utafiti wake ulitoka kwa juzuu mbili, 1949 na 1956, ya pili ikihusu uchumi, na hadi leo mtu anayetafuta namna nyumba ya Kibukusu ilivyoendeshwa huanzia hapo. Huyu alikaa, akauliza, akapima. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo mtafiti mwanamume katika nyumba za miaka ile alizungumza zaidi na wanaume, na jikoni si mahali mwanamume mgeni angekaa kwa saa nyingi.

Jambo la kufurahisha ni lililokuwa likitokea Uingereza wakati huo. Uchongaji wa mbao uliokufa kama kazi ya magazeti ulikuwa umefufuka kama sanaa, na miongoni mwa waliouinua walikuwa wanawake. Gwen Raverat, mjukuu wa Charles Darwin, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wachonga Mbao mwaka 1920. Clare Leighton aliandika kitabu cha kufundisha ufundi huo mwaka 1932, kisha mwaka uliofuata akatoa kitabu kikubwa cha miezi kumi na miwili ya mkulima, na mwaka 1935 kingine juu ya bustani yake mwenyewe, chenye vikapu, majembe na kazi za kila siku. Kile kibao kilichokuwa kikionyesha mwanamke kama kioja kilianza kuonyesha kazi ya mikono kutoka kwa mtu anayeijua. Lakini ilikuwa Uingereza. Kibao hicho hakikufika jikoni kwetu.

Yaliyofika yalikuwa mengine. Kinu cha posho kilichoendeshwa kwa injini kililiondoa jiwe la kusagia magotini mwa mama, na hakuna bibi niliyemsikia akililia jiwe lile. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi chotara iliyobadilisha mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma. Wimbi likasukumwa pembeni, na mwiko ukalazimika kuwa mkubwa zaidi kwa sababu ugali mweupe husongwa kwa wingi. Sufuria ya alumini ikaja, haivunjiki na huchemka haraka. Mtungi ukapisha debe, debe likapisha jerikeni ya plastiki. Sioni sababu ya kuyalaumu mambo haya. Mgongo wa mwanamke ulipata nafuu. Ninachouliza ni nani aliyeandika chochote kabla mtungi haujaondoka.

Stoneham alifariki mwaka 1966, akaliachia taifa mkusanyo wake na fedha za kujengea. Mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa mjini, ya kwanza ya eneo nje ya Nairobi na pwani. Mwaka huohuo kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi, na kwa miaka thelathini na mitano, hadi kilipofungwa 2009, miti ya eneo hili iligeuzwa karatasi wilayani Bungoma. Tulikuwa na mti, karatasi na vyombo, vyote ndani ya mwendo wa gari wa saa moja au mbili.

Kenya ina wachongaji wa picha za chapa leo, na wazuri. Dennis Muraguri amechonga matatu za Nairobi kwenye mbao kwa ukubwa unaojaza ukuta. Thom Ogonga amechonga maisha ya usiku ya jiji. Peterson Kamwathi alifanya kazi za mbao zilizojadili siasa kabla ya kujulikana kwa makaa. Ni sanaa ya barabara, baa na bunge. Ningetamani kuona mtu wa mikono kama hiyo akikaa Kimilili au Kapenguria, akichonga mwiko ulioliwa upande mmoja, elepit yenye mshono, ungo, ngata, chungu cha kuku. Kibao kinafaa kwa vitu hivi kuliko kamera, kwa sababu nacho kinachongwa polepole, na fundi analazimika kuamua kuhusu kila mstari kama alivyoamua mwanamke wa Kiturkana.

Tena ningetaka fundi huyo awe binti. Shule za Kenya chini ya mtaala wa umilisi zina somo la sanaa za ubunifu. Kipande cha mbao laini au cha mpira wa viatu, kisu, wino na kijiko cha kukandamizia karatasi vinatosha kuanzia. Mwalimu wa Webuye, Chwele au Kiminini hahitaji kusubiri vifaa kutoka Nairobi. Awatume wanafunzi wake nyumbani kwa bibi zao, kila mmoja arudi na chombo kimoja na jina la aliyekitengeneza, na la aliyekitumia kama si yuleyule. Wachonge chombo, na jina walichonge chini yake, wakikumbuka kulichonga kinyume ili kwenye chapa lisomeke sawasawa.

Makumbusho nayo yana wajibu wake. Vitu vilivyomo Kitale vilivyokusanywa miaka mia iliyopita haviwezi kurudishiwa majina yote, lakini vingi vinafanana na vile ambavyo bado vinatumika katika nyumba za Lokichar, Sigor na Kapsokwony. Waalikwe wachongaji na wafinyanzi wanawake wa kutoka huko, walipwe kama wataalamu, wasimame mbele ya makabati na kueleza kila kitu kilivyofanywa. Maneno yao yaandikwe kwa lugha zao na kwa Kiswahili.

Na wewe msomaji, ukiwa na mama au nyanya mwenye chombo cha mti au cha udongo kilichobaki, muulize leo nani alikichonga, nani alikifinyanga, kilifika vipi nyumbani. Andika jibu, pamoja na mwaka kama anaukumbuka, na ulifunge kwa uzi kwenye chombo chenyewe.